Wakwe Wawili na Waya Mmoja

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na uniwie radhi mapema kwa sababu ukianza kusoma utadhani barua hii ilikuwa inakwenda kwa mafundi wa simu ikapotea njia. Nataka kujua waya gani wa kuchajia ni mzuri kwa mashine ya gemu ya kushika mkononi, na adapta gani, na kadi ya memori ya aina gani, halafu nikishakueleza ni kwa nini nataka kujua utaona mwenyewe kwamba mahali pake ni hapa hapa kwako.

Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto, nafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno, mume wangu ni fundi vioo, na wazazi tuliobaki nao ni wawili tu, mmoja upande wangu na mmoja upande wake. Mama yangu mzazi alishona sare za shule mpaka akastaafu, ni mjane, na baba mkwe wangu ni mpima ardhi mstaafu, naye alifiwa na mkewe miaka michache iliyopita, na kila mmoja anaishi kwake, na kazi ya kuwazungukia kuwajulia hali ni yangu, sijui nani alinichagua. Sasa mama alipoteguka mguu akawa anashinda ndani ananuna, nikaona nimpelekee kile kidude cha gemu ambacho mume wangu alikinunua kwa mbwembwe kisha akakichoka. Kilikuwa na gemu la shamba, unalima, unachimba kisima, unajenga nyumba, na ukitaka unasimamisha vibao unaviandika maneno. Mama akalipenda ajabu, ila mipaka ya shamba ikamshinda, kila akipanda, mbuzi wanaingia, ndipo mimi kwa mdomo wangu huu huu nikasema, "Mama, hilo si ungemuuliza baba mkwe, kupima mashamba ndiyo kazi yake?"

Baba mkwe akaomba akione kidude. Kiliporudi kwa mama, shamba lilikuwa na barabara zilizonyooka, uzio umezunguka pande zote, na kisima kimehamishwa kwa sababu eti kilikuwa mahali pa kipumbavu. Tangu siku hiyo kidude hakikai, kinakwenda kwa huyu kinarudi kwa yule, na mimi ndiye mbebaji.

Basi tatizo la kwanza ni waya, mshauri, kwa maana kidude kikiwa kwa mama, waya umebaki kwa baba mkwe, na kikiwa kwa baba mkwe, waya uko kwa mama, na kila mara mmoja wao inambidi atoke kwake aupeleke mwenyewe, na huyo baba mkwe ninayemsema ni mtu ambaye kuja kwetu tu tukimwita anasingizia goti. Nikanunua waya wa pili pamoja na kichwa chake cha chaja ili kila nyumba iwe na wake. Mama akasema unachelewa kujaza. Nikanunua mwingine, baba mkwe akasema unachemka. Wa nne mama alimpa jirani hata hajaufungua. Nimechoka, ndiyo maana nauliza, waya gani hasa ni mzuri?

Tatizo la pili ni adapta. Jumapili moja tulikuwa wote nyumbani kwetu, na wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye namheshimu ila mdomo wake hauna breki, akaja na adapta ya kuunganisha kidude na TV, akasema, "Hebu na sisi tulione hilo shamba linalowafanya wazee wasipokee simu." Akachomeka, shamba likajaa ukutani, watu wakapiga makofi, jinsi lilivyopendeza. Wifi akaanza kusoma vibao kwa sauti kabla hajajua anasoma nini. Cha kwanza kiliandikwa, "Bi Sindano, nimepita kisimani hukuwepo. Nyumba hii niliipima ya mtu mmoja. Nimekosea vipimo." Na chini yake kibao kingine, "Bwana Kamba, ongeza chumba. Mapazia nitashona mimi."

Mshauri, mama akaanza kutafuta miwani, na miwani iko usoni. Baba mkwe akasema, "Hilo ni gemu tu," akiangalia zulia. Mume wangu akainuka akachomoa kila kitu akaenda jikoni. Nilipomfuata akaniambia, "Baba ana mke." Nikamwambia taratibu, mama yako alishafariki, mume wangu. Akasema, "Najua. Mimi ndiye niliyembeba." Ni mwanaume mpole sana, sijawahi kumwona na macho yale, najisikia vibaya mpaka leo.

Sasa sikia la tatu, ndilo linalonikosesha raha. Kadi ya memori imejaa, kidude kinagoma kuhifadhi, na baba mkwe ameniita akaniambia, "Mwanangu, tutafutie kadi kubwa uhamishe kila kitu, usiache hata jiwe." Mume wangu aliposikia akasema kuna muuzaji wa kando ya barabara karibu na kazini kwake, anauza kadi zilizoandikwa ukubwa wa ajabu kwa bei ya kutupa, wenzake wote waliozinunua wamelia, basi ninunue hiyo, na siku ikilila shamba itakuwa ni kadi iliyolila, hakuna wa kulaumiwa. Nimeinunua. Iko kwenye pochi yangu, na ile kadi halisi iko kwenye duka linalopakana na kliniki, imefungiwa kabatini, kila nikipita naitazama kupitia kioo.

Sisemi mume wangu hana hoja. Wakioana hao, mimi na yeye tutakuwa nani, kaka na dada? Wanangu wamwite babu yao babu mara mbili? Wifi keshaanza kuniita "dada" mbele za watu kwa kejeli. Na nikuambie na langu la moyoni, zamani mama alikuwa ananipigia simu kila asubuhi kabla sijafungua mapokezi, tunaongea upuuzi tu, na siku hizi hapigi. Nampenda mama yangu, nampenda mume wangu, niweke kadi ipi?

Mkwe Niliyekwama.

*

Mkwe Uliyekwama, tuanze na waya, kwa sababu waya wako umenichekesha mpaka mwenzangu wa meza ya pili amekuja kuuliza kulikoni.

Binti yangu, wewe umeolewa, una watoto, unashinda mapokezi ukiwasoma watu usoni kama jino linauma kweli au wanaogopa tu sindano, na bado hujajua kwa nini waya unabaki? Wazee husahau miwani, husahau funguo, husahau wameweka wapi dawa. Lakini hawasahau kitu kilekile, kila wiki, kwenye nyumba ileile ambamo hakitakiwi. Huyo mzee wa goti anauchukua waya, anavaa shati safi, anatoka. Wewe kila ukinunua wa pili unamnyang'anya safari yake, halafu unashangaa kwamba unachemka! Usinunue tena waya. Huo mmoja ndio utakiwao.

Ila uwe mzima. Ukague usiwe umelegea kichwani wala kuchubuka shingoni, na kichwa cha chaja kiwe na nguvu ileile iliyoandikwa kwenye chaja iliyokuja na mashine. Chaja ndogo ya simu haiwezi kujaza huku mtu anacheza, betri itaisha na umechomeka. Adapta ya TV nayo hutaka chaja iwe imechomekwa, la sivyo picha inakatika katikati. Hiyo ya wifi yako irudishe kwake kwa heshima zote. Mwambie aifungie kabatini, na kama kuna nafasi, aufungie na mdomo humohumo.

Sasa kadi. Hapa nakukunjia uso.

Unajua kadi ya namna hiyo inafanya nini? Haifi siku ya kwanza. Imeandikwa ukubwa isiokuwa nao, kwa hiyo utahamisha shamba utaliona lote lipo, uzio upo, mbuzi wapo. Wazee watakushukuru. Mama yako pengine atakushonea kitu. Watacheza, wataongeza chumba, na kadiri wanavyojenga ndivyo kadi itakavyoanza kuandika kipya juu ya cha zamani, mpaka asubuhi moja mama yako atawasha akute hakuna kitu. Hatamlaumu muuzaji wa barabarani. Atadhani ni yeye amebonyeza vibaya. Mzee naye atadhani ni yeye. Watakuomba radhi wewe, binti! Watakuja na kidude mkononi kukuomba radhi, na wewe na mumeo mtakaa hapo mezani mnajua. Unaweza kukaa na hilo? Mimi nisingeweza, na kwa barua yako naona hata wewe huwezi, ndiyo maana kadi bado iko kwenye pochi.

Kuhusu mumeo, sina ugomvi naye. Mtu aliyembeba mama yake haambiwi aache kuumia kwa sababu kwenye TV kumetokea mapazia. Anaona kama baba amefuta ubao. Moyo wa mzee hauna kiti kimoja, lakini hilo haliingii kwa kuhubiriwa na mke, wala na mimi gazetini, kwa hiyo usimhubirie. Ila alichokuagiza ni kibaya, na kibaya kikitoka kwa mtu mpole kinabaki kuwa kibaya. Mwambie hivyo, kwa sauti ya kawaida, mkiwa mmekaa.

Na huo udugu unaouogopa, acha. Wewe na mumeo hamtakuwa kaka na dada hata kidogo, damu haihami kwa sababu wazee wameamua kunywa chai pamoja. Babu atabaki babu. Watu watasema, watachoka, atatokea mwingine watamhamia. Kwanza nani amekuambia wanaoana? Hao kwa sasa wamefika kwenye mapazia tu. Wakifika mbele zaidi, wao ni watu wazima, watawaendea viongozi wao wa dini wakaulize wenyewe, si wifi.

Nimeliona pia lile ulilolisukumia mwishoni kama mtu anayeficha uchafu chini ya zulia. Mama hakupigii tena asubuhi. Linauma, pole sana. Alikuwa anakupigia wewe kwa sababu alikuwa hana mwingine, na sasa anaye, na wewe umekuwa kama mlinzi aliyeambiwa zamu imekwisha. Basi piga wewe. Usimuulize mguu, usimuulize dawa. Muulize maharage yameota? Utaona atakavyokuchelewesha kazini.

Kwa hiyo fanya hivi. Hiyo kadi ya kwenye pochi ikate kwa mkasi, usimpe mtu, usiirudishe ikauziwe mwingine. Soma kijitabu cha mashine uone inakubali kadi ya aina gani, maana si kila kadi inayoingia kwenye tundu hufanya kazi, kisha nenda hilo duka la jirani, wafungue kabati, waichomeke kwenye kompyuta yao waijaze na kuisoma mbele yako, na wakupe risiti yenye dhamana. Hamisha kila kitu. Ya zamani usiifute, iweke salama, kwa sababu hata kadi nzuri ina siku yake.

Halafu kadi mpya usiipeleke wewe. Umebeba vya kutosha, na nyumba hizo mbili zimezoea kupitisha kila kitu kwako ili zenyewe zisitazamane. Mpe mumeo. Aende peke yake kwa baba yake, amkabidhi mkononi, akae chini, aseme, "Baba, nionyeshe mlichojenga." Mzee ataona haya. Mumeo ataona haya. Watajadili uzio kwa muda mrefu kuliko unavyostahili. Pengine katikati ya huo uzio watamtaja marehemu, jambo ambalo sidhani wamelifanya, wao wawili tu, tangu wamzike.

Akikataa kwenda, usimbembeleze wala usigombane naye. Ipeleke mwenyewe siku hiyohiyo na umwambie unaipeleka. Ana haki ya kumlilia mama yake mpaka atosheke, na wewe umpanguse machozi. Lakini mzee akirudi kushinda peke yake sebuleni, mama yake mumeo hatafufuka kwa ajili hiyo. Kanunue leo ukitoka kazini, kabla hawajafunga.