Kura ya Walio Mbali

Jumamosi, Mbulu mjini

Tumeshindwa, na sijui kama nina moyo wa kujaribu tena.

Niliomba mkutano wa chama chetu cha walimu ubadili kanuni ya kuchagua viongozi, ili mwalimu wa mbali apigie kura shuleni kwake badala ya kuja huku mjini. Walionyoosha mikono kuniunga mkono ni wachache. Ukumbini walijaa walimu wa mjini na wa kijiji cha Daudi, hapa jirani. Wenzetu wa Hanang walizuiwa na mvua.

Tulipokuwa tunatoka, Mwalimu Paskalina akafika kutoka Balangdalalu, huko huko Hanang, matope mpaka magotini, mtoto mgongoni. Lori la kijiji cha ujamaa lilikwama njiani, akatembea.

"Shikamoo, Ndugu Mwenyekiti. Nimekuja kwa ajili ya ile kanuni."

"Marahaba. Imeshakataliwa, mama. Ungewahi."

Mwenyekiti alisema hivyo kwa upole kabisa. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka sasa.

Nilimleta Paskalina hapa nyumbani, mke wangu akampa nguo kavu. Hakulalamika. Alipomaliza chai aliniuliza kama kesho kuna lori la kurudi.

Nikamwambia sijui.