Maji ya Kunawa kwa Bibi wa Kitanda cha Dirishani

Bujumbura, Jumanne, tarehe 10 Machi

Yaya Georgette, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha nasalimu goti lako, maana najua ndilo linaloamka kabla yako. Limepoa kidogo tangu mvua zianze? Shemeji bado anakohoa? Na Riziki wangu anakusikiliza, au anakuzungusha kama alivyokuwa akinizungusha mimi? Mimi ni mzima. Chakula kinapita, usingizi unakuja. Juzi tu nilimsikia mtu akifunga kamba za viatu huku anapiga mluzi, nikageuka haraka. Alikuwa mtu mwingine. Marehemu mume wangu Joseph bado ananifanyia hivyo.

Uliniuliza kwenye simu, "Kazi gani hiyo ya kutafuta watu wasiolipwa?" halafu mtandao ukakatika. Nakujibu sasa, maana juma lililopita limenitoa jasho.

Hospitali za huku ni kama za kwetu. Daktari anatibu, lakini kupika, kufua shuka, kumgeuza mgonjwa, hiyo ni kazi ya ndugu anayekaa naye, ambaye tunamwita gadimaladi. Mgonjwa asiye na ndugu analala na njaa mbele ya dawa zake. Chama chetu cha kanisani kinawatafutia wagonjwa kama hao gadimaladi wa kujitolea, na wengi wao ni vijana waliomaliza shule na wanangoja kazi. Ninayewatafuta na kuwapanga ni mimi. Cherehani ndiyo inayonilisha, hii nyingine naifanya kwa ajili ya moyo wangu.

Kuwapata si shida, Yaya. Shida ni kubaki nao. Nikitangaza kanisani wanakuja wengi, wanacheka, wanapiga picha na tishati ya chama. Baada ya muda mfupi unaiona tishati sokoni, imevaliwa na mdogo wa mmoja wao.

Hao nimewazoea. Lakini mwezi uliopita walianza kuondoka hata wale wazuri. Aliondoka Olivier, ambaye aliweza kumgeuza mgonjwa bila kumwamsha. Kisha akaondoka Divine, msichana wa Ruziba niliyemtegemea kuliko wote. Nilimpigia simu, hakupokea.

Alhamisi, Sista anayesimamia paviyo, yaani wodi, la wanawake akaniita. Alikuwa ameshika sahani tupu.

"Mama Riziki, Mama Sifa jana hakula kutwa. Aliyemlisha leo ni mgonjwa wa kitanda cha pili, na dripu yake mkononi. Nikikuta hivi tena Jumatatu, watu wa chama chenu mtabaki nje ya geti. Nitaomba wengine."

"Wengine gani, Sista?"

Aliiangalia ile sahani.

Mama Sifa ni mchuuzi wa vitenge kutoka Fizi, ng'ambo ya ziwa. Alivunjika paja huku, na Bujumbura nzima hana mtu. Asipogeuzwa mara kwa mara, mgongo wake utaoza. Nilipomfikia alinitania: "We mama, uliniahidi binti wa kunigeuza. Sasa nimekuwa muhogo wa kuchoma, naungua upande mumoja." Alicheka, lakini alikuwa ameshika pindo la kitenge changu na hakuliachia. Nilimgeuza mwenyewe siku hiyo na kila siku hadi Jumapili, nikijua kwamba siwezi kuwageuza wote peke yangu.

Ijumaa chama chetu kilikutana. Prezida wetu, mama mwenye sauti ya kutosha soko zima, alisema vijana wa leo wanataka nauli na sertifika. "Tuwape sertifika yenye muhuri, watarudi." Wote wakaitikia. Lakini Divine hakuwahi kuniuliza habari ya sertifika.

Jumamosi nikashuka Ruziba. Nilimkuta Divine na mama yake kando ya ziwa, wanageuza ndagala, wale dagaa wa huku, walizoanika. Mama yake alinipa kigoda. Divine hakuacha kazi.

"Umekuja kunirudisha."

"Nimekuja kukuamkia."

"Apana, Mama Riziki. Umekuja kunirudisha."

"Basi ndiyo. Ni nauli?"

"Apana."

"Ni mdomo wa Mama Sifa?"

Hapo alicheka kidogo. "Ule? Ule mi namupenda." Kisha akageuza samaki ambao alikwisha kuwageuza. "Unamukumbuka bibi wa kitanda cha dirishani?"

Nilimkumbuka. Bibi mdogo kama mtoto, aliyemwita kila mtu mjukuu wangu.

"Alikufa mi nimemushika kichwa. Wakamutoa. Saa ile ile Prezida akaniambia, nenda kitanda kingine, kuna mama anangoja. Nikaenda. Nikarudi hapa, mama akaniuliza, mbona uko hivi, nani amekufa? Nikasema hakuna mutu. Sababu si mutu wa kwetu. Watu wa komini, wale wa serikali, wakamuzika, hakuna aliyekaraba. Sasa mi natembea naye mu mikono hii. Hata ndagala nazishika na woga."

Mama yake akasema bila kuinua uso, "Niliyemkataza ni mimi. Mtoto hawezi kufiwa kila mara bila kunawa."

Nikueleze, Yaya. Huku watu wakitoka makaburini wananawa mikono, kisha wanakaa pamoja na kunywa kitu kidogo, mtu anasimama kumsema marehemu, na waliofiwa wanapewa pole. Wanaita gukaraba. Ni jambo la familia. Sisi katika chama tulijisemea kwamba wagonjwa wetu hawana familia, kwa hiyo hakuna wa kunawa. Tukaweka kanuni kwamba kitanda kikibaki wazi, mtu wetu ahamie kingine siku hiyo hiyo.

Nikiwa pale kwenye kigoda nililiona akilini jagi lako la bati, lile la bluu lililobanduka rangi kwenye mdomo. Siku tuliporudi kutoka kumzika Joseph ulisimama nalo mlangoni. Uliwamiminia watu wote, na mimi ulinimiminia mara mbili. Bila maji yale sijui kama ningeingia ndani.

Nikamwambia Divine, "Kesho baada ya ibada, kwangu Musaga, tutamkarabia bibi."

Mama yake akauliza, "Mwenye msiba ni nani?"

"Binti yako."

Mikono ya yule mama ikasimama juu ya samaki.

Prezida nilipompigia simu alipiga kelele. "Mama Riziki! Tukianza hivyo tutakuwa na kilio kila juma!"

"Wanakufa kila juma, Prezida."

Nikadhani mtandao umekatika tena. Kisha akasema, "Na viti utatoa wapi?" Ndipo nikajua amekubali.

Jumapili niliweka beseni mlangoni, sabuni, na jagi la plastiki, maana lako liko mbali. Majirani waliona viti, wakaja kuuliza nani amekufa. Nikasema, bibi. Bibi wa nani? Wa Divine. Wakakaa. Lakini Divine mwenyewe hakuonekana. Chai ilianza kupoa, Prezida akaanza kutazama simu yake, na mimi nilimwona akilini Mama Sifa na pindo la kitenge changu mkononi mwake.

Walitokea wakati nimeshakata tamaa, Divine na mama yake, wamejifunga vitenge vya kilio. Nyuma yao Olivier, ambaye Divine alikuwa amempa habari. Niliwamiminia. Divine alinawa mpaka kwenye viwiko, akanawa tena. Kisha akasimama, akasema jinsi bibi alivyoficha sukari chini ya mto ili awape wanaopiga deki, na jinsi sisimizi walivyomfichua. Watu wakacheka, naye akalia. Prezida akampa pole kwa jina lake, kisha akampa Olivier, kisha wengine, na sauti yake kubwa ilikuwa imekwenda sijui wapi.

Sikumuuliza Divine kama atarudi. Mtu haombwi kazi kwenye msiba.

Jana Jumatatu niliwahi hospitali kabla ya Sista. Nikiwa bado kwenye ukumbi nikasikia sauti ya Mama Sifa:

"Polepole! Mi si gunia ya mihogo!"

"Gunia haina mudomo, Mama," akajibu Divine.

Niliegemea ukuta. Sista alinipita, akachungulia sahani ya uji, akaendelea na kazi yake.

Olivier hakurudi. Amepata kibarua bandarini, na nimemwombea heri. Divine naye ameniambia wazi: "Nikifiwa tena, uweke beseni." Nimemwahidi.

Unisalimie shemeji, na mama mkwe wangu, mwambie nguo yake nimeishona, naitafutia mtu wa kuileta. Umkumbatie Riziki kwa niaba yangu. Msalimie pia jirani aliyetuazima viti siku ya Joseph.

Jagi lile la bluu usimpe mtu asiyerudisha vitu. Na siku utakaposimama nalo mlangoni, kwa msiba wowote ule, Yaya, unikumbuke.

Mdogo wako,
Mama Riziki