Meno Mawili Yasiyochipua

Mama mpenzi,

Shikamoo. U hali gani, na hilo goti linakuruhusu kupanda ngazi? Sisi tu wazima, ila mkwe wako anakoroma mpaka madirisha yanaitikia.

Bado nachonga meno ya bandia. Mchana karakana ikitulia na nta ikilainika motoni, mawazo hunichukua nisijue yanakonipeleka. Wiki jana daktari wa meno alinionyesha picha ya taya la mtoto aliye bado tumboni. Akasema vichipukizi vya meno huanza kujipanga humo gizani hata kabla mama hajahisi teke la kwanza, na vya meno ya ukubwani hufuata nyuma. Tangu hapo nikifumba macho naviona, vidogo kama mtama, vimelala ndani ya ufizi vikingoja zamu.

Nikamuuliza kuhusu mimi, niliyeitwa Kipengo shule nzima. Kila nikicheka, Mama, wewe huinamisha uso, ukiamini homa uliyougua ukiwa na mimba yangu ndiyo iliyoninyima yale meno mawili. Daktari alisema homa kali huweza kuacha madoa kwenye meno, lakini mapengo yanayolingana hivi mara nyingi ni ya ukoo. Nilimbishia. Ukoo gani, na wewe na marehemu baba mlikuwa na meno kamili?

Juzi akaja shangazi, dada yake baba, kupimwa meno. Alipovua yake ya bandia, ambayo sikujua anayavaa, nilidondosha kijiko cha nta. Mapengo yale yale! Nikamwambia baba hakuwa nayo. Alicheka mpaka akafuta machozi.

Hebu kaa kwanza, Mama. Baba naye hakuota meno hayo mawili. Yale uliyoyajua yalikuwa ya bandia, yamegandishwa yasivuliwe, aliyowekewa kabla ya kuja kukuposa, akihofia utamkataa. Shangazi anasema aliahidi kukwambia nikishazaliwa. Akafariki mimi ningali tumboni.

Homa yako haina kosa. Umejitwisha mzigo wa bure miaka yote hii. Nimekulilia, kisha nikamcheka baba, mtanashati muoga yule. Nilikuwa nimeanza kujichongea meno mawili, nimeyafungia kabatini. Sikuwahi kumwona baba, sasa nikijitazama kwenye kioo namkuta.

Na sababu ya kumuuliza daktari ni hii: nina mimba ya miezi mitano. Ninapoandika, meno yanajipanga humo ndani, au hayajipangi, na hofu imeniisha. Mjukuu wako akikuchekea na mapengo, usiinamishe uso. Mtazame mumeo.

Wasalimie majirani, na goti ulipake dawa.

Mwanao akupendaye,
Kipengo