Kiti cha Babu kwenye Picha

Dada Mwende,

Natumai kikohozi kimekuachilia. Huku Mutomo jua ni kali, mpaka mbuzi wanagombania kivuli cha choo. Jana baada ya kula muthokoi nilimwambia nyanya yetu, Susu, akae nje nimpige picha na ile kamera uliyonipa, inayotoa picha papo hapo. Akasema ningoje. Akaingia ndani, akatoka na kiti cha Babu, kile ambacho hakijakaliwa tangu mazishi yake, akakipangusa na leso na kukiweka kando yake.

Picha ilitoka nyeupe. Nikamweleza watu hutokea polepole. Akaishika kwa mikono miwili. Ukatokea ukuta, halafu leso, halafu uso wake. Kiti kikatokea kitupu.

"Susu, imeisha," nikamwambia.

"Ngoja. Huyo babu yako hata kanisani alikuwa anafika watu wakitoka."

Nilitaka kukutumia picha yenyewe badala ya kadi hii ya twiga, lakini hataki kuiachilia. Leo asubuhi nimemkuta mlangoni ameishika, bado anaangalia ule upande wa kiti.

Njoo Disemba, tukae naye.

Mutua wako