Simu Moja ya Mtaa wa Birch

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi wa Pamoja wa Lindeby, Port Amos na Corliss, Minnesota
Tarehe: 27 Februari
Jina: Yareli Quintanilla Soto
Umri: miaka 16
Kazi: mwanafunzi, mkalimani wa kujitolea wa Kihispania
Makazi: Mtaa wa Birch namba 11, Lindeby

Nimeelezwa kwamba naweza kukataa swali lolote. Nitayajibu yote. Mama yangu amekaa hapa pembeni. Hajui Kiingereza, na mkalimani wake ni mimi.

Mnamo tarehe 14 Januari, saa moja jioni, nilikuwa katika ukumbi wa Lindeby kwenye kikao cha bajeti ya polisi. Miji yetu mitatu ina polisi wa pamoja, na gharama hugawanywa kwa idadi ya wakazi na kwa idadi ya simu za kuita polisi za kila mji. Nilikaa safu ya nyuma na akina mama wa kiwanda cha nyama ya bata mzinga, nikiwatafsiria kwa kunong'ona, maana kusema mbele za watu siwezi.

Meya Gordy Tollefsrud alisema simu zetu zimezidi, na zikizidi tena mwaka huu, maktaba itafungwa ili tulipe fungu letu.

"Jamani, paka akipanda mti, mwacheni ashuke mwenyewe," alisema. "Na wewe Marlys, sungura bustanini si jambazi!"

"Hujaona alivyomaliza kabichi zangu, Gordy!"

Watu walicheka. Kisha akasoma kwenye karatasi: nyumba moja ya Mtaa wa Birch, simu thelathini na nane kwa mwaka, zote za kusikia hatua za mtu kwenye chumba cha chini ya nyumba.

Karatasi haikuwa na jina. Mama mmoja aliniuliza, "Nani huyo, mwanangu?" Nikamjibu, "Mzee Stensrud, jirani yetu." Safu yetu yote ikageuka kumtazama, na za mbele zikafuata. Alikuwa amekaa karibu na birika la kahawa, kofia mapajani. Ukumbi ulicheka, na mimi nikacheka. Nilifurahi kwamba safari hii nacheka pamoja na watu.

Mzee Orville Stensrud alikuwa na miaka 81, amefiwa na mkewe. Kila Jumanne na Alhamisi maktabani tulikuwa wawili tu, yeye na magazeti yake, mimi na vitabu vyangu. Hatukuzungumza. Nikiingia alisema, "Bibie Soto." Nikitoka alisema, "Bibie Soto." Shuleni hakuna anayenisalimu. Baada ya kikao kile hakuja tena maktabani. Nilitaka kwenda kubisha kwake, nikaona haya.

Mnamo tarehe 25 Februari, saa kumi na dakika ishirini alasiri, nilishuka kwenye basi la shule nikamwona amelala mbele ya ngazi za nyuma ya nyumba yake, juu ya barafu. Mguu ulikuwa umepinda vibaya. Simu alikuwa nayo mkononi. Hakuwa amempigia mtu.

Nilisema, "Mzee, ngoja nipige."

"Usipige, binti. Itahesabiwa."

"Lakini umevunjika!"

"Wataifunga ile maktaba. Halafu wewe utakaa wapi?"

Nilimfunika kwa koti langu, nikakimbia. Nilivuka daraja hadi kituo cha mafuta upande wa Port Amos. Saa kumi na dakika thelathini na tano nilipiga namba ya dharura nikasema kuna mzee ameanguka hapo kituoni. Ulikuwa uongo. Nilitaka ihesabiwe kwao. Wao wana hoteli mbili, niliona simu moja haitawaumiza.

Afisa aliyekuja ni wewe, Sajenti. Ulitoka Corliss, ukafika saa kumi na dakika arobaini na saba, ukanikuta peke yangu bila koti. Nilikwambia ukweli. Ulisema neno moja tu: "Panda."

Tulimkuta anapumua. Alikutazama akasema, "Rhonda, leo sijasikia kitu kule chini."

Alifariki hospitalini kesho yake, saa tatu asubuhi. Sijui kama ni kwa sababu ya dakika zile. Daktari hakusema, na mimi sikuthubutu kumuuliza.

Umenieleza kwamba simu huhesabiwa kwa mji ambako afisa ametumwa, kwa hiyo hii imeandikwa Port Amos. Naomba ifutwe huko, iandikwe Lindeby, Mtaa wa Birch namba 14. Kwa mwaka huu ndiyo simu pekee ya nyumba ile.

Nimemtafsiria mama yangu haya yote bila kuongeza neno. Niliyoyasema ni yangu, nimeyasoma, na ndivyo yalivyotokea.

(Saini) Yareli Quintanilla S.

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika mbele ya shahidi na mama yake. Simu imehamishiwa Lindeby kama alivyoomba. Kati ya simu 38 za mwaka jana, 31 niliziitikia mimi. Sikukuta mtu chumba cha chini hata mara moja. Kila mara kahawa ilikuwa tayari mezani, vikombe viwili.

(Saini) Sajenti R. Kivela