Kadi ya Mgawo Yenye Tundu

Nyumbani,
5 Februari 2023

Kwa mwanangu Nareyu,

Salamu nyingi sana. Mimi mzima, ila magoti ndiyo yaleyale. Watoto wote wanakusalimia, hata Kakuta wako, ambaye siku hizi anajifanya mkubwa na hataki kulala karibu na mbuzi. Wewe je? Kazi ya kufua mashuka ya wageni hapo Karatu inaendaje? Kifua kimepona? Ile sabuni yao kali uiogope.

Huku mvua hakuna. Ng'ombe waliobaki hawasimami mpaka tuwashike mkia tuwainue. Lakini barua hii si ya ng'ombe. Watu wa msaada wamekuja kugawa mahindi, na mimi nimerudi nyumbani na kilo kumi. Kilo kumi, Nareyu! Jirani yetu mama Naserian amebebewa na punda wawili. Mimi nimebeba mgongoni mwenyewe, tena sikuchoka, na hapo ndipo nilipojua nimeonewa.

Nikamuuliza karani wao. Ni kijana wa Mbulu anaitwa Qamara, mpole, ila macho yake hayatoki kwenye makaratasi. Akaniambia kila mtu wa kaya anapewa kilo kumi kwa mwezi, na kwenye orodha kaya yangu ina mtu mmoja. Siku ile ya kuandikisha alinikuta nimezungukwa na watoto, mmoja yuko mgongoni, mwingine anamvuta kalamu. Akaniuliza, "Mama, watoto wangapi?" Nikanyamaza, kama mtu mwenye adabu anavyonyamaza akiulizwa swali hilo. Naye akapiga mstari kwenye karatasi, akaenda nyumba ya pili.

Hizo kilo kumi ziliisha Jumatano. Nishauri, wewe ndiye uliyesoma. Barua hii nimempa Silvanus wa lori la vitunguu, maana simu yangu haikai na chaji, na hata ikikaa, huku bondeni mtandao hakuna.

Ni mimi yeyo wako,
Naishorua

*

Karatu,
10 Februari 2023

Yeyo mpendwa,

Takwenya. Najua salamu yangu umeiitikia huku umenuna. Mimi mzima, kifua kimepona, sabuni wamebadilisha. Nawasalimu wanangu wote na wa marehemu kaka, na majirani.

Barua yako nimeisomea londri, mashuka yananisubiri. Nimecheka, halafu nimekasirika, na niliyemkasirikia kwanza ni wewe, unisamehe. Mtu amekuja na chakula, anakuuliza watoto wangapi, wewe unanyamaza? Yule kijana ni Mwiraqw. Mambo yetu atayajulia wapi? Kwao ukimuuliza mtu ana watoto wangapi anakutajia, na wajukuu anakuongezea bila kuombwa.

Nenda ofisini kwake Wasso, umwambie hivi: watoto wa marehemu wanne, wa Nareyu wawili, jumla sita, na mimi wa saba. Kilo sabini kwa mwezi. Ni hesabu ya darasa la kwanza, yeyo. Usirudi nyumbani mpaka ameandika.

Nimempa Silvanus salfeti ya unga, kilo ishirini. Ndio uwezo wangu mwezi huu. Nyuma ya karatasi hii nimekuandikia maneno ya kumwambia karani ukikutana naye, uyasome vizuri.

Binti yako,
Nareyu

*

Nyumbani,
17 Februari 2023

Mwanangu Nareyu,

Nakusalimu. Huku tu wazima, na unga umefika, Mungu akuongezee pale ulipopunguza.

Barua yako imebaki na tundu. Pale ulipoandika ile namba nimekata kwa kisu nikatia motoni. Yale ya nyuma ya karatasi sikuyasoma, yameungua pamoja. Umekaa sana Karatu, mwanangu. Tangu lini tunahesabu watoto? Hata ng'ombe, jioni wakiingia zizini, mtu anasimama mlangoni anatazama, na anajua nani hayupo. Hanyooshi kidole. Na mtoto si zaidi ya ng'ombe?

Hata hivyo Wasso nilikwenda, kwa miguu, na jua unalijua. Nikamwambia Qamara aandike. Nikamtajia: Wilson, Nanyori, Sironka, Penina, Nasieku, Kakuta. Nikamwambia, "Vidole unavyo. Hesabu mwenyewe, na dhambi ikae kwako." Akacheka kidogo, si kwa ubaya. Akasema, "Mama, hapa pana kisanduku kimoja, kinataka namba, na namba itoke kinywani mwa mkuu wa kaya. Nikijijazia mwenyewe, wakubwa wangu wataniuliza nimeitoa wapi." Nikamwambia imetoka kwenye majina. Akasema majina hayana kisanduku.

Nilipotoka nikamuuliza mama Naserian yeye alifanyaje mpaka punda wawili. Kumbe alitaja vibakuli! Alisema tu, "Nyumbani kwangu jioni naosha vibakuli kadhaa," akataja vingapi, karani akaelewa. Mjanja yule. Lakini mimi nitasema nini? Watoto wangu wanakula sinia moja. Niseme sinia moja? Si tumerudi kulekule kwa mtu mmoja.

Nimechoka, na hasira yangu haina pa kwenda. Nimewapikia uji mwepesi, na Penina amelamba mwiko mpaka nimemnyang'anya.

Yeyo wako

*

Karatu,
3 Machi 2023

Yeyo,

Takwenya. Nimekaa wiki mbili sijakuandikia kwa sababu kila nikishika kalamu yanakuja maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake. Natumaini magoti yamepoa na watoto hawajambo. Mimi sijambo mwili, moyo ndio mbaya.

Jana tumebadilisha mashuka vyumba ishirini. Chumba kimoja wageni wameacha kikapu cha mikate, haijaguswa, imefungwa kwenye kitambaa. Sheria ya hoteli ni kwamba mabaki hayatoki getini. Tukampa mbwa wa mlinzi. Mbwa akanusa, akaenda zake kulala. Nikasimama pale namwangalia yule mbwa, nikamfikiria Penina na mwiko.

Basi nimefanya jambo, na nakwambia mapema usije ukalisikia kwa watu. Nimetafuta namba ya simu ya Qamara nikampigia. Nikajifanya wewe. Nikakohoa kidogo, nikasema mimi ni Naishorua, mkuu wa kaya, nikataja namba kwa kinywa changu. Akafurahi, akasema, "Mama, ungesema hivyo tangu mwanzo!" Amerekebisha orodha. Mtendaji wa kijiji atakuletea kadi mpya ya mgawo na atachukua ile ya zamani. Mgawo ni tarehe 12.

Ukipewa kadi ipokee tu. Usiitazame. Ifunge kwenye kanga, siku ya mgawo itoe, wapige mhuri, chukua kilo sabini, uende zako. Nakuomba, yeyo. Kama kuna dhambi nimeibeba mimi.

Binti yako,
Nareyu

*

Nyumbani,
15 Machi 2023

Nareyu,

Salamu. Watoto wapo.

Kadi ililetwa. Uliniambia nisiitazame, kana kwamba umemwambia mtoto asitazame asali. Jina langu liko juu, na chini yake ile namba, kubwa, kwa wino wa buluu, inanitolea macho. Nikaificha chini ya ngozi ya kulalia. Siku mbili sikupata raha. Kila mtoto akikohoa naitazama ngozi. Siku ya tatu nikachukua kisu nikaikwangua namba, taratibu, niache jina na mhuri vikae. Karatasi yenyewe ni nyembamba, ikatoboka.

Tarehe 12 nikapanga foleni toka asubuhi. Nikafika mbele, Qamara akaishika kadi, akaiinua, akanitazama kupitia tundu. Akasema, "Mama, kadi iliyochezewa haitoi chakula." Nikamwambia basi nipe zile kilo kumi za zamani. Akasema kadi ya zamani imerudishwa, imefutwa. Nikarudi nyumbani na gunia tupu begani, watu wananipa pole njia nzima. Pole haipikiki.

Sasa hata ya mtu mmoja sina. Tumeuza mbuzi wawili tukapata mahindi ya wiki moja. Wilson haendi tena shule, anasema akifika anasinzia.

Nimekukasirikia sana. Lakini kuna jambo sijawahi kukwambia, nalo nakwambia sasa ili usidhani yeyo wako ni mshamba tu. Mwaka ule kabla hatujampoteza ndugu yako, alipita mama mmoja wa utafiti na kishikwambi, akaniuliza nimezaa wangapi na wangapi wako hai. Alikuwa mcheshi, nikamkaribisha chai. Nami nikajivuna. Nikamtajia namba, nikamnyooshea na vidole, hivi. Miezi minane baadaye pikipiki ikamwangusha ndugu yako kule njia ya Arash. Usinieleze habari za breki. Habari za breki nimeelezwa. Mimi najua nilinyoosha kidole gani.

Yeyo wako

*

Karatu,
21 Machi 2023

Yeyo wangu,

Takwenya, tena takwenya. Natumaini barua hii itawakuta wote hai na wazima.

Sikujua. Ungeniambia nisingempigia yule kijana. Au labda ningempigia hivyohivyo, sijui, maana nina watoto wangu wawili hapo na njaa haina mila. Nisamehe kwa kusema hivyo. Naandika nalia, na msimamizi ameshapita mara mbili kuniuliza kama naumwa.

Nimempigia Qamara tena. Safari hii nimesema mimi ni nani, akasema alishuku, maana mama yule hajui kukohoa kwa adabu namna ile. Hakukasirika. Lakini kurudisha kadi si kazi yake peke yake. Kadi ikipotea au ikiharibika, mkuu wa kaya anasimama kwenye mkutano wa kijiji, anataja idadi ya watu wake mbele ya wote, anaweka dole gumba, na mkutano ukikubali ndipo anaandikiwa nyingine. Wanasema ni kuzuia udanganyifu. Mkutano ni Ijumaa tarehe 31. Ukipita huo, mwingine ni Juni.

Nilimwomba asome majina tu. Nikamwomba wajumbe waje bomani wajionee. Nikamwomba aandike sufuria, aandike vichwa, aandike chochote. Kila nikiomba ananijibu, "Dada, fomu." Nimeichukia hiyo fomu kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Kuanzia hapa mimi siwezi kukwambia ufanye nini. Mpaka Juni sitaweza kuwalisha wote kwa salfeti moja moja. Hii nyingine ya kilo ishirini nimempa Silvanus. Nimekopa kwa Marsela wa jikoni.

Binti yako,
Nareyu

*

Karatu,
5 Aprili 2023

Yeyo,

Takwenya. Mkutano ulikuwa Ijumaa, leo ni Jumatano. Silvanus amerudi bila barua yako, anasema hakukukuta nyumbani, boma lilikuwa kimya. Kimya kwa nini? Watoto wako wapi? Qamara hapokei simu. Nijibu hata neno moja, hata kwa mkaa. Jumapili nikiwa sijasikia kitu naacha kazi nakuja.

Nareyu

*

Nyumbani,
8 Aprili 2023

Mwanangu mpendwa Nareyu,

Nakusalimu kwa salamu zote ambazo sikukupa barua ile. Usiache kazi. Watoto wazima. Silvanus alipopita tulikuwa korongoni kutafuta maji, wote, na mbuzi wote, ndiyo maana alikuta kimya.

Mkutano nilikwenda, na watoto nikawabeba wote, wengine kwa miguu, wengine kwa vitisho. Watu walikuwa wengi. Mwenyekiti akaniita. Qamara akashika kalamu, akaniuliza polepole, kwa heshima, maana tayari alijua: "Mama Naishorua, nyumbani kwako kuna watoto wangapi?"

Wazee wakainamisha vichwa. Mama Naserian akaninong'oneza, "Taja vibakuli, taja chochote!" Nikamwangalia Penina. Miguu yake imekuwa myembamba, vumbi limeishika mpaka magotini, na alikuwa anatafuna pindo la shuka lake.

Nikasema, "Sita."

Nimesema, Nareyu. Kwa sauti, mbele ya watu. Namba hiyo nimeiandika hapa na sitaikata. Nilidhani ardhi itapasuka, lakini nilichosikia ni Kakuta akiuliza kama sasa tunakula.

Qamara akaandika. Akasema, "Na wewe mwenyewe wa saba." Nikamwambia, "Mimi usiniandike." Akadhani hajasikia. Akasema, "Mama, zitapungua kilo kumi. Ni haki yako." Nikamwambia haki yangu naijua, asiniandike. Akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti ni mtu wa huku. Alinitazama, akaelewa, akamwambia, "Andika sita, kijana. Mama amesema."

Wewe hujaelewa, umesoma sana, kwa hiyo nakueleza. Orodha ikiwa na pengo, watu wa nyumba hiyo hawajahesabiwa. Namba iliyo kwenye kadi si namba yetu. Kama kuna kinachotafuta nyumba kwa kufuata namba, kitakuja, kitaona watu hawalingani na karatasi, kitaondoka. Na kama hakitaondoka, nimekiachia wa kuchukua, mimi niliye nje ya orodha. Ndugu yako sikumwachia nafasi hiyo. Nilitaja wote.

Nimeweka dole gumba. Juzi tumepewa kilo sitini, punda mmoja akatosha. Wilson anarudi shule baada ya Pasaka.

Usinigombeze kwenye barua yako, na deni la ile salfeti umlipe Marsela. Njiani Penina aliniuliza mimi bibi yake, "Koko, mbona wewe hukujitaja?" Nikamwambia mimi nimeshakula miaka mingi.

Ni mimi,
Yeyo wako