Wimbo wa Jiwe la Kusagia

Jumatatu, 3 Juni
Sijapata kumwambia mtu: wimbo anaotufundisha Bwana Mwalimu ni wa marehemu mama. Mwalimu alinisikia nikiuimba chini chini huku nafagia darasa. Akaketi kwenye kinanda, akaupata. Tangu hapo ni wake. Ameuwekea sauti nne zinazogombana. Asema kwao Ujerumani aliongoza wapiga fidla na tarumbeta, akatunga muziki mpya, watu wakamzomea. Huu wa sasa utamrudisha kwao na heshima yake.

Jumatano, 5 Juni
Nimechaguliwa kuanza peke yangu atakapokuja Bwana Mkubwa wa boma. Naona haya. Wenzangu wametambua kuwa ni wimbo wa wanawake wa kusagia mtama, nami mvulana.
"Shikamoo, mama! Unga tayari?"
Ndahani wa darasa letu naye: "Mwacheni, ana mtoto mgongoni."

Ijumaa, 7 Juni
Kijiti cha mwalimu chapiga moja, mbili, tatu, nne. Mama hakuwa na nne. Alisubiri jiwe lirudi, ndipo neno. Nilijaribu kumweleza mwalimu. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea. Nampenda. Nimemkasirikia.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya ibada nilikaa nyuma ya shule nimsikie mama kichwani. Kikaja kijiti. Nikajaribu tena. Moja, mbili, tatu, nne. Mama hakuja. Sina kingine chake. Naogopa.

Jumanne, 11 Juni
Bwana Mkubwa amekuja. Nilisimama. Kijiti kikashuka, nikasubiri jiwe. Kikashuka tena. Nikapiga magoti mbele ya wote, mikono sakafuni, nikasukuma, nikavuta, kama mama. Sauti ikatoka. Ndahani alicheka, kisha akaacha. Wenzangu hawakujua pa kuingilia. Mwalimu akaweka kijiti chini. Niliimba peke yangu hadi mwisho.
Bwana Mkubwa aliuliza kama naumwa tumbo.

Jumamosi, 22 Juni
Mwalimu amepanda gari moshi kwenda pwani, ndipo apande meli. Wimbo amekwenda nao, bado una nne zake. "Kwetu hawana jiwe," aliniambia, kama anayeomba radhi. Nilimpungia mkono mpaka moshi ukaisha.
Kisha nikaenda Ipagala kwa shangazi. Nikamwamkia, nikaomba kushika jiwe. Alinitazama sana, akanimwagia mtama.
"Polepole, baba. Jiwe halikimbii."
Nikasaga mpaka unga ukatosha ugali wa jioni.